Mrihani wa Kopo la Tatu

Mbinga mjini
9 Juni 2024

Bi Mwanahawa, shikamoo.

Nimefika salama. Chumba nilichopata kipo nyuma ya ghala la kahawa, na ukungu wa huku hauna adabu, unaingia hadi kitandani. Asubuhi nafungua macho nisijue kama nimeamka au bado naota. Miaka miwili nimelala chumba chako cha uani, masikio yangu bado yanasubiri ziwa lipige.

Naandika kukukumbusha kazi niliyokuachia, maana siku ya kuondoka nililia nikasahau nusu ya maelezo. Makopo ni tisa, na kila moja lina mche mmoja wa mrihani. Matatu yenye utepe mweupe yapewe maji ya ziwa kila siku, kikombe kimoja cha bati. Matatu ya utepe wa bluu yapewe maji ya kisima, kila siku, kikombe hichohicho. Matatu ya utepe mwekundu yapewe maji ya ziwa mara moja tu kwa wiki, tuone ukame unayafanyaje. Kila Ijumaa upime urefu kwa futi ya ushonaji ya marehemu mumeo, Mzee Masoudi, uchume jani moja kila kopo, unitumie.

Nakuomba sana, usiyaonee huruma. Nakujua. Huu ni mwaka wa tatu mvua zinakatika kabla ya wakati, na kisima kimeingia chumvi. Nyanya za kina mama wa kikundi zimekufa zote. Mirihani yako ya uani ilikuwa ukuta mzima, sasa imebaki michache ya kuhesabu kwa vidole. Mbegu hii mama yako aliitoa Kilwa kwenye pindo la kanga, na iliyobaki ni ile chupa moja juu ya kabati. Tukijua inavumilia maji gani tutajua pa kuipanda. Tukikisia, tutaimaliza.

Simu naona haitufai. Kwako mtandao ni mpaka upande kilimani, na jani halipiti kwenye simu. Baltazar wa usipa amekubali kubeba barua kila akileta samaki huku.

Wako mpangaji,
Tumpe

*

Lundo
21 Juni 2024

Mwanangu Tumpe, marahaba.

Idi imepita salama. Pilau yako aliila paka, nawe umeyataka kwa kukubali uhamisho.

Bibi shamba mzima unaniandikia barua ya kunifundisha kumwagilia! Mimi nimemwagilia rihani kabla mama yako hajaolewa. Lakini nimekuelewa. Makopo nimeyapanga ukutani pale ninapotawadhia, kwenye lile jiwe bapa, ili kila swala niyaone nisiyasahau. Weupe nimewaweka nyuma, bluu na wekundu mbele. Maji ya kisima siku hizi hata udhu sichukulii, yananichoma macho. Nachota ndoo yangu ziwani alfajiri, inanitosha hadi isha.

Weupe wamefika vidole kumi na vinne. Umesema nipime kwa futi, lakini futi ya Masoudi imefutika namba mwanzoni, alikokuwa akipimia shingo za watu. Kwa hiyo napima kwa vidole, nawe utajua mwenyewe namna ya kuvigeuza. Bluu wana kumi, kumi, na tisa. Wekundu wana tisa wote, na wananitazama. Wewe cheka tu. Ukikaa na kiumbe mwenye kiu kuanzia alfajiri hadi magharibi utajua kama anatazama au hatazami.

Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Unajua kila Alhamisi alasiri nilikuwa nampelekea Masoudi shada la rihani kaburini. Tangu mirihani ianze kufa nampelekea maji matupu. Sasa ananijia ndotoni. Anasimama penye kaburi lake na kanzu yake ya kahawia, anainama, ananusa hapa, ananusa pale, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba aliyohama zamani. Halafu anaondoka bila kunitazama. Nikimwita sauti haitoki.

Ndiyo maana nataka mbegu hii iishi, mwanangu. Ya kikundi ni ya kikundi, na mimi nina yangu.

Mwanahawa binti Kombo

*

Mbinga mjini
8 Julai 2024

Bi Mwanahawa, shikamoo.

Majani yamefika, yote yananuka usipa. Nimeyanusa moja moja ofisini hadi wenzangu wakaniuliza kama nina njaa. Kwa hiyo harufu siwezi kuiandika popote, nimeandika urefu tu na rangi.

Ila nina swali. Wiki hizi mbili bluu wamewapita wekundu na wanawakaribia weupe. Una hakika hao wanakunywa maji ya kisima? Mrihani ukipata chumvi nyingi hudumaa, majani huwa madogo, kingo zake huungua kama zimepitishwa motoni. Haya uliyonitumia ni mapana na laini. Kama ni kweli, basi mama yako alibeba kitu kikubwa kuliko alivyojua.

Nimesoma ile ndoto mara tatu. Mimi pia naota. Juzi niliota ukungu umejaa ofisini, na mimi napita na kikombe cha bati namwagilia mafaili, na kila faili linachipua. Niliamka nacheka peke yangu, halafu nikaona sina wa kumsimulia.

Tumpe

*

Lundo
19 Julai 2024

Mwanangu,

Umeniuliza kama nina hakika. Nina hakika. Kikombe cha bati, maji ya kisima, kila siku asubuhi, sijaruka hata siku moja, na Mungu ananiona.

Bluu wamefika kumi na sita, kumi na tano, kumi na tano. Yule wa tatu anaendana na mwenzake wa pili, usiwe na wasiwasi naye.

Leo ziwani kumetoka kungu. Umewaona mwaka jana, wale vijidudu wanaopanda kutoka majini kwa mamilioni. Moshi mweusi umesimama katikati ya ziwa, huna pa kuona Malawi wala mbingu, na upepo unausogeza polepole. Kina mama walikwenda na mabeseni kuwakamata. Mimi nilikaa jiweni pangu nikatazama, nikahisi dunia nzima imesinzia, nami nimo usingizini mwake. Harufu ya mirihani ilinijia kidogo. Kidogo tu, mwanangu. Zamani ukipita nje ya ukuta wangu ilikushika kanga.

Labda ni pua yangu imezeeka.

Mwanahawa

*

Mbinga mjini
2 Agosti 2024

Bi Mwanahawa, shikamoo.

Keti kwanza. Nimeipeleka habari ofisini. Nilisimama mbele ya watu kumi na wawili, mimi ambaye huwa sauti inanipotea, nikawaambia kule Lundo kuna mrihani unaokunywa maji ya chumvi na kunawiri. Mkuu wangu aliniomba nirudie. Nikarudia.

Wamekubali kikundi cha mama Hedwiga kipande robo eka yote pale kwenye kisima, mahali nyanya zilipofia. Pampu ipo, maji yapo karibu, hakuna tena kupanda kilima na ndoo kichwani. Watu wa kutengeneza sabuni Songea wanaitaka rihani hata leo.

Nakuomba umpe Hedwiga ile chupa. Robo eka inataka mbegu yote, na msimu haungoji. Ndani ya miezi mitatu utavuna chupa kumi. Mzee Masoudi atapata shada la kumzidi kimo.

Tangu mama alipofariki sijapata siku kama hii.

Tumpe

*

Lundo
12 Agosti 2024

Mwanangu Tumpe,

Hedwiga amekuja na wenzake wanne, wamevaa sare za kikundi. Nimempa chupa. Alipoishika, mkono wangu ulichelewa kuachia, hadi akanitazama usoni. Nikamwambia, chukua mama, chukua.

Nimefurahi kwa ajili yako.

Mwanahawa

*

Mbinga mjini
27 Septemba 2024

Bi Mwanahawa, shikamoo.

Wiki sita sijapata hata mstari. Baltazar anasema hujampa kitu. Nikamuuliza shamba la kisimani likoje, akaanza kufunga kamba za magunia ambayo tayari yalikuwa yamefungwa. Nilipombana akasema linafanana rangi na gazeti la zamani.

Niambie ukweli. Je, ni wadudu? Au pampu? Waliacha kumwagilia? Nipe sababu niifanyie kazi. Au kama unaumwa niambie nije.

Nimeota niko kwenye uwanja wako nakutafuta, na kila chumba nikifungua kuna ukungu.

Tumpe

*

Lundo
4 Oktoba 2024

Mwanangu Tumpe,

Siumwi. Ni haya tu, na haya haina dawa hospitali.

Shamba limekufa. Mbegu iliota vizuri ikatutia moyo, na kina mama wakaimba. Wiki ya tatu majani yakaanza kuungua kingo, vilevile ulivyoandika. Wiki ya tano miche ikasimama, ikakataa kukua. Sasa ukishika jani linavunjika. Waliendelea kumwagilia hadi juzi, maana bibi shamba alisema, na Bi Mwanahawa alithibitisha kwa macho yake.

Sasa sikiliza. Nilikuapia nawapa bluu maji ya kisima kikombe kimoja kila siku. Hilo ni kweli. Ambalo sikukwambia ni udhu. Mara tano kwa siku nakaa pale jiweni na maji yangu ya ziwa. Nanawa mikono, nasukutua, naosha uso, napaka kichwa, naosha miguu, na yale maji yote yanakwenda kwa wale wa mbele. Mwanzo nilipoyapanga sikuwaza lolote. Wiki ya pili nikaona wananyanyua vichwa. Nikajiambia udhu si kumwagilia, udhu ni ibada, maji ya ibada yakimwangukia kiumbe siyo kosa langu. Wiki ya tatu nikawa naosha miguu polepole. Wiki ya nne nikawa narudia kuosha miguu iliyokwisha kutakata. Unaona nilivyojidanganya? Mtu mzima na mvi zangu, najificha kwa Mungu ili nikudanganye wewe.

Sikuweza, Tumpe. Mimi kwetu nimefundishwa kiumbe hanyimwi maji, hata mbwa. Na barua zako zilikuja na furaha, nikaona nikisema nitakunyang'anya.

Na lipo jingine. Yule bluu wa tatu sikumpima tangu Juni. Alikaa mwisho wa mstari, udhu haukumfikia, akadumaa akawa kitu cha kutia huruma. Nikaona ataniharibia wenzake. Nikamhamishia nyuma ya jiko, kwenye kona ambayo hata wewe ukija hungemwona. Vidole vyake nilikuwa nanakili kwa mwenzake, na jani lake nachuma kwa mwenzake.

Mbegu ya mama yangu nimeiua mimi. La kuvunda halina ubani, sitajitetea. Masoudi haji tena hata ndotoni.

Mwanahawa

*

Mbinga mjini
11 Oktoba 2024

Bi Mwanahawa, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikatoka nje nikatembea hadi kwenye mibuni nikarudi. Nimekasirika. Sitakuficha, nawe usinifiche tena kitu. Nimekasirika hadi nimeshindwa kula. Kina mama wamemwagilia majani makavu kwa sababu ya neno langu, na neno langu nililitoa kwako.

Halafu hasira ilipopoa kidogo nikafungua bahasha zote, nikayapanga yale majani mezani. Nikaona nilichokiona zamani.

Tangu Julai bluu wa pili na wa tatu walikuwa na urefu sawa kila Ijumaa. Kila Ijumaa, Bi Mwanahawa. Hakuna mimea miwili duniani inayokua hivyo. Na majani yao yalikuwa mapacha wa tawi moja. Niliyaona mwezi wa saba. Nikajiambia nitashuka Lundo nikatazame mwenyewe, kwa gari ni safari ya siku moja. Sikushuka. Nilitaka iwe kweli. Nilitaka kusimama mbele ya watu walau mara moja na kitu kizuri mkononi. Kwa hiyo usibebe mzigo wote, na mimi nimebeba upande wangu.

Nitakuja mwisho wa mwezi ujao nisimame mbele ya kina mama niwaombe radhi. Ofisini nimeshasema. Kila mmoja alirudi kwenye mafaili yake.

Lakini nina swali moja, na ulijibu kama unavyoapa. Yule wa nyuma ya jiko, tangu Juni amekunywa nini? Nani alimpa, kiasi gani? Na je, bado yupo?

Kama yupo usimguse. Usimhamishe, usimpe hata tone la ziwa, usimhurumie.

Tumpe

*

Lundo
8 Novemba 2024

Mwanangu Tumpe,

Najibu kama ninavyoapa. Yule wa nyuma ya jiko amekunywa maji ya kisima, kikombe kimoja cha bati, kila asubuhi, tangu Juni hadi leo. Sikumruka siku hata moja. Nilimpa nikiwa nimegeuza uso, kama unavyompa chakula mgeni usiyemtaka, lakini nilimpa, kwa sababu nilikuahidi kikombe. Kitu kingine sikumpa, wala udhu, wala huruma.

Barua yako ilipofika nilikwenda nyuma ya jiko nikachutama mbele yake. Mara ya kwanza kumtazama sawasawa. Kimo chake shibiri tu. Majani madogo, magumu, yameviringika kingo. Shina limekuwa mti. Lakini juu alikuwa ametoa maua, na maua ya chini yalikwisha kukauka na kufunga mbegu, na mimi sina habari. Nikashika jani kwa vidole viwili.

Tumpe, nilikaa chini mchangani. Ile harufu ilikuwa ya ukutani kwa mama yangu Kilwa, kabla sijabalehe. Hata miaka mirihani ilipokuwa imejaa ukuta mzima hapa Lundo haikupata kunukia vile. Nilinawa mikono kwa sabuni ikabaki. Nililala nayo.

Sikukungoja uje kusema na kina mama. Nilikwenda mwenyewe siku ya mkutano wao, nikasimama, nikawaeleza udhu wote tangu mwanzo hadi mwisho. Wengine waliangalia chini. Hedwiga akajifuta macho, akasema, "Basi tusilie shambani, chumvi iliyopo inatosha." Wakacheka, nami nikacheka, na nikalia kwingine. Ukija usiwaletee hotuba. Njoo tu, wanakungoja, wameshakuwekea kuku.

Ndani ya mzigo huu kuna kopo la vifungo la Masoudi. Nimeliziba mdomo kwa nta ya mshumaa, usipa wa Baltazar usipate pa kuingilia. Humo kuna nusu ya mbegu za yule wa tatu, na jani moja. Nusu nyingine ninayo mimi, kwenye pindo la kanga, nimeifunga mafundo mawili. Fungua ofisini, mbele ya wale watu kumi na wawili. Usiseme lolote, fungua tu. Halafu waambie ni mmoja tu, na ni mdogo, na kwamba safari hii umeuliza mara mbili. Kama watoto wake watavumilia kisima kama yeye sijui, wala wewe hujui. Tutapanda vichache, tutapima, na safari hii wewe ndiye utakayepima. Mimi nimehamisha jiwe langu la udhu, nimelipeleka upande wa pili wa nyumba.

Nimefikiri sana habari za yule mche. Wale watano wa mbele niliokuonyesha walikuwa wanakudanganya kwa uzuri wao. Niliyemwonea haya nikamficha ndiye peke yake aliyekuwa anakujibu ulichouliza.

Jana ilikuwa Alhamisi. Nilimkata tawi moja, dogo, urefu wa kidole, nikaenda nalo kaburini alasiri. Nilirudi nikajilaza kidogo, na ziwa lilikuwa kimya kabisa, kama limewekwa tu pale. Masoudi alikuja na kanzu yake ya kahawia. Akainama, akanusa. Hakuzunguka. Alivua viatu, akaviweka pamoja, akakaa.

Mwanahawa binti Kombo